Herufi B kwenye Daftari la Byamungu

Vijana wangu wa gereji, mmenipa chupa ya chai na kofia, mkanipigia makofi, halafu mkasema, "Mzee Wilondja, utuandikie mambo ya kazi." Nina wiki tatu tangu nistaafu na mke wangu ameshachoka kuniona nyumbani mchana, kwa hiyo naandika. Mishahara sitaiandika, maana haikuwa na hadithi ndefu. Nitaandika juu ya waya. Nitaandika pia juu ya mtu mmoja niliyemwonea wivu miaka mingi, na nikisema kweli bado namwonea, ingawa sijui hata kama yuko hai.

Mnaniuliza pia kwa nini nilikuwa napiga kelele "Geuza ukurasa!" kila mlipotaka kuunganisha waya. Mlikuwa mkiniiga nikiwapa mgongo, nilisikia. Jibu limo humu, lakini mtalisubiri kwenye foleni kama sisi tulivyosubiri unga wa mgao.

Kazi niliijifunza Uvira kwa Papa Asende, fundi wa umeme wa magari, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa breki. Alitufundisha kwenye Peugeot, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiletwa na ndizo zilizokuwa zikifa. "Injini inaomba bintu bitatu," alisema. "Hewa, esanse na moto. Ukiipatia byote bitatu na inakataa, iko na roho mbaya, wende ukule kwanza." Esanse kwetu ni petroli. Alitukaririsha herufi za rangi kwenye michoro ya Wafaransa mpaka tukaziota: N ni noir, nyeusi. B ni blanc, nyeupe. V ni vert, kijani. G ni gris, kijivu. Na waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari tuliuita masi. Ukikosea masi, alisema Papa Asende, umekosea yote, hata kama umevaa kitambulisho.

Vita ya pili ya Kongo ilipofika kwetu nilivuka ziwa na mke wangu, binti yetu Furaha akiwa mgongoni, na taa yangu ya kupimia umeme ndani ya soksi. Ilikuwa balbu ndogo ya Peugeot yenye nyaya mbili. Watu walibeba biblia, sufuria, mashine za kushonea. Mimi nilibeba balbu, na mke wangu hakuacha kunikumbusha kwamba balbu haichemshi maharage.

Tulipokelewa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Kazi yangu ya kwanza Malawi ilikuwa kuamsha injini ya chigayo, kinu cha kusaga mahindi, kila asubuhi ilipokataa kuamka. Siku moja lori la fundi mmoja wa Lilongwe lilizimika karibu na kambi. Mwenyewe, Bambo Mvula, na bambo kwao ni bwana, alikuwa ameshafungua kila kitu kinachofunguka. Mimi nikatoa balbu yangu kwenye soksi, nikagusa hapa na pale, nikaupata masi uliooza chini ya betri. Nikaukwangua, lori likawaka. Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi kwenye gereji yake, nyuma ya soko la Tsoka.

Siku ya kwanza mjini naikumbuka vizuri kwa sababu niliaibika. Bambo Mvula alikuwa chini ya gari, mimi nikiwa na koleo juu. Akaita, "Dulani waya wa blaki!" Dulani nilishaijua, ni kata. Na blaki, masikioni mwa mtu aliyefundishwa na Papa Asende, ilikuwa blanc. Nikakata nyeupe. Honi ya gari ile ikalia mpaka wauza nyanya wa Tsoka wakaja kuangalia nani amekufa. Bambo Mvula alitoka chini ya gari akiwa mweusi kwa grisi, akatazama waya, akanitazama mimi, akacheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu gerejini likawa Blanki.

Niliapa sitachekwa mara ya pili. Nikajifunza herufi za Kiingereza kama mtu anayehama dini. B ni black. W ni white. G ni kijani na si kijivu. V ni zambarau na si kijani. Niliziandika mkononi kwa kalamu, nikioga naziandika upya. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nasoma mchoro wa Mjapani bila kusitasita, na nilijivuna. Katika gereji ile mimi ndiye niliyekuwa mtu wa waya.

Ndipo akaja Byamungu.

Alitoka Bukavu, na watu wa Bukavu mnawajua. Alikuwa amesoma shule ya ufundi, miaka miwili ya elektroniki. Shati lake lilikuwa na pasi hata akiwa kambini, sijui makaa aliyapata wapi. Badala ya balbu ndani ya soksi alikuwa na mashine ya kupimia, ya namba, ndani ya mfuko wa ngozi. Bambo Mvula alimpa gari lililokuwa limenishinda siku mbili. Byamungu alilizunguka, akapima sehemu nne, akasema shida iko wapi. Ilikuwa huko. Na hakujisifu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angejisifu ningepata pa kumchukia.

Niliicheka mashine yake. Nilisema mtu anayehitaji namba ili ajue umeme upo ni kama anayehitaji saa ili ajue ana njaa. Yeye akatabasamu tu. "Yaya, mi siamini maherufi, siamini na macho," alisema. Aliniita yaya, kaka mkubwa, kwa sababu nilimzidi miaka minne. "Mi nauliza fili yenyewe." Fili ni waya.

Hata nyumbani hakukuwa na pa kupumzika. Kanisani Dzaleka aliongoza kwaya. Redio ya jirani ikiharibika, tuliitwa wawili, mimi na yeye, na walianza kwake. Mke wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa na betri iliyokataa, aliniambia, "Papa Furaha, ju ya nini usiulize Byamungu? Ile muntu iko anayua bintu bya kuran." Kuran ni umeme, na umeme ulikuwa kazi yangu. Maharage ya siku ile yalikuwa yameiva vizuri na sikuyasifu.

Sasa niwaeleze tulichokuwa tunagombea, ingawa Byamungu nadhani hakujua kwamba tunagombea. Mkimbizi hakuruhusiwa kukaa mjini hivi hivi. Tulitoka kambini kwa kibali cha siku chache, na kikiisha tulirudi, au tulirudishwa juu ya lori pamoja na mikungu yetu ya ndizi. Bambo Mvula alikuwa amesema ataandika barua ya kumwombea fundi mmoja ruhusa ya kufanya kazi na kuishi Lilongwe pamoja na familia yake. Mmoja, si wawili. Furaha alikuwa anaanza kukohoa kila msimu wa baridi ndani ya ile nyumba ya udongo. Niliitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Injini ikafika wakati huo. Mai Nasibeko, mama mmoja mfanyabiashara wa karanga na mahindi wa Mitundu, alikuwa na Peugeot 504 pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Bodi ilikuwa nzima, injini ilikuwa imekufa. Shemeji yake aliyekuwa Durban akamtumia injini ya Toyota ndani ya sanduku la mbao, na gia yake, na nyaya zake zote zimeviringwa, na kompyuta yake ndani ya taulo. Ilikuwa kompyuta ya kwanza ya injini kuingia gereji ile. Bambo Mvula aliishika kwa mikono miwili. Kisha akasema mbele yetu wote kwamba atakayeiwasha pikapu hii, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye barua.

Halafu akagawa kazi. Mimi chuma na mafuta, Byamungu kompyuta. Hebu niwaulize, atakayewasha ni nani hapo?

Nilifanya kazi yangu vizuri kwa hasira. Nilitengeneza vikalio vya injini. Peugeot ya zamani ilikuwa na kabureta na pampu ndogo inayosukumwa na injini. Injini ya sindano, kama ile ya Toyota, inataka pampu ya umeme yenye nguvu, na bomba la pili la kurudisha mafuta kwenye tangi, na wengi husahau hilo la pili. Kompyuta niliwaambia waiondoe kabla sijachomelea, maana umeme wa kuchomelea unaiua. Na waya wa swichi uchukuliwe pale ambapo umeme haukatiki ukipiga stata, kwa sababu kuna sehemu kwenye swichi zinazozimika wakati huohuo unapozihitaji. Hayo ni yangu, nilijifunza kwa kuumia, na mnayajua.

Mchoro wa nyaya ulikuja kwa faksi kutoka Durban, na karatasi ya faksi ikiwekwa karibu na dirisha la Lilongwe hufifia kama ahadi. Byamungu aliunakili wote kwenye daftari la shule kabla haujafutika. Siku chache baadaye karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Mchoro uliobaki duniani, kwa upande wetu, ulikuwa ndani ya daftari lile, kwenye tirwari, droo ya meza, pamoja na mashine yake ya namba.

Ijumaa tulirudi kambini na malaria ikamwangusha Byamungu. Jumamosi asubuhi nilikuwa narudi mjini. Nyumba yake ilikuwa njiani. Nilimwona mkewe akianika blanketi nje, na ningeweza kuingia na kusema, ndugu, nielekeze, tumalize pamoja. Nikapita upande wa pili nikijifanya naangalia kiatu changu.

Gerejini Mai Nasibeko alikuwa amekuja na wapwa zake wawili na sala. Alitaka gari Jumatatu. Bambo Mvula akaniuliza kama tumsubiri Byamungu. Nikasema hapana, Bambo, mimi nitamaliza. Nilisema kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe.

Nilifungua tirwari nikiwa nimewapa mgongo, kama mwizi, na kwa kweli nilikuwa mwizi. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na plagi kubwa ya kompyuta, imechorwa kwa rula. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na ukaniudhi. Karibu zote alikuwa ameshaziunganisha, zilibaki nyaya tatu nene. Chini ya ukurasa aliandika: Contact, R. Masse, B. Contact ni umeme wa swichi, R ni nyekundu kwa Mfaransa na kwa Mwingereza pia. Masi ni B. Nikacheka moyoni. B ni black, nani asiyejua? Mimi ndiye Blanki, niliyelipia somo hilo mbele ya Tsoka nzima. Nyeusi nikaifunga kwenye bodi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa kama alivyonifundisha Papa Asende. Ilibaki nyeupe. Kilichobaki bila kazi ni umeme wa moja kwa moja wa betri, basi nyeupe nikaipeleka betri. Mashine ya namba ilikuwa palepale kwenye droo. Ingeniambia kwa dakika moja. Lakini ningeigusaje, mimi niliyeicheka?

Niligusisha kichwa cha betri. Kompyuta ililia tiki, moja tu. Kisha kukatoka harufu, na mlio mdogo wa kuchemka, na moshi mwembamba kutoka chini ya dashibodi. Mai Nasibeko alikuwa ameanza wimbo, akauacha katikati.

Bambo Mvula akaniuliza nini kimetokea. Hapa ndipo kazi yangu ya miaka yote ilipoamuliwa, na haikuamuliwa na waya. Nilichukua daftari, nikaweka kidole kwenye ile B, nikasema, "Byamungu ameandika hivi. Mimi nimefuata alivyoandika."

Jumanne Byamungu akaja, amekonda, amevaa koti kwenye jua. Bambo Mvula akampa daftari limefunguliwa, akamwonyesha mstari. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na huzuni ya bosi ni mbaya zaidi. Akamuuliza kama huo ni mwandiko wake. Byamungu akausoma ule mstari. Akatazama plagi, nyeusi kwenye bodi, nyeupe imeungua mpaka betri. Kidole gumba chake kikageuza ukurasa, macho yakapita upande wa pili, kisha akainua kichwa akanitazama. Nilishika spana nikangoja.

Akalifunga daftari.

"Njo mukono yangu, Bambo," alisema; njo kwetu ni ndio, na mkono ni mwandiko. "Pepani, munisamehe. Kosa ni ya daftari yangu."

Bambo Mvula alimlipa siku zake na kumwambia apumzike kwanza kambini, na sote tulijua maana ya hilo "kwanza". Byamungu alikusanya mashine yake ndani ya mfuko wa ngozi. Daftari alinipa mimi. "Kompyuta ingine itakuya," alisema. "Usome yote, yaya."

Mnajua nilivyojisikia? Sikuona haya. Niliona hasira. Eti nisome yote! Anaondoka amefukuzwa na bado ananifundisha. Nililitupa daftari juu ya kabati.

Kompyuta ya pili ilifika kutoka Durban baada ya wiki nne. Nililishusha daftari, nikalipangusa vumbi, nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Mara hii nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa husoma vizuri. Nikageuza.

Aliandika hivi, neno kwa neno: "Yaya Wilondja, kama mi nagonjwa njo utamaliza. Ukumbuke niliandika mu Kifaransa juu ni vile nilizoea. B ya hapa ni blanc, haiko blaki. Masi ni fili nyeupe. Nyeusi ni N, njo ya batri. Lakini usiniamini mi, pima na mashine, iko mu tirwari. Niliiachia weye."

Alilijua jina langu la utani. Alijua jinsi ninavyosoma. Alikuwa amekaa mahali, labda joto likianza kumpanda, akafikiria kosa nitakalofanya mimi na si mtu mwingine, akaniwekea kizuizi. Na siku ile mbele ya Bambo Mvula alikuwa ameushika ushahidi wote chini ya kidole gumba. Nimejaribu miaka yote kumtafutia sababu mbaya. Labda alitaka kunifanya mdogo. Labda alijua nitaupata ukurasa huo na utanila. Sijafaulu, sababu mbaya haimkai.

Nilifunga nyeupe kwenye bodi, nyeusi kwenye betri. Injini iliwaka mara ya pili ya kupiga stata, ikanguruma taratibu bila mimi kugusa kitu, kompyuta yenyewe ikijipimia mafuta. Mai Nasibeko alipiga vigelegele, wauza nyanya wakaja tena, safari hii kwa jambo la heri. Bambo Mvula akaleta barua, akaandika jina langu mbele ya watu wote. Alikuwa na mwandiko wa polepole. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema na sikusema.

Jumapili nilikwenda Dzaleka nikiwa na barua kwenye mfuko wa shati na daftari kwapani. Nilikuwa nimeamua kumwambia Byamungu kila kitu, kisha twende wote kwa Bambo Mvula. Nilimkuta nje ya nyumba yake. Alikuwa amepigilia misumari kwenye ubao, amezungusha nyaya na balbu, anafundisha watu umeme wa gari bila gari. Watu kumi hivi walikuwa wamekaa, hata fundi cherehani mmoja. Balbu ikawaka, wote wakacheka kwa furaha. Na mbele kabisa, ameshika waya mweupe mkononi, anacheka kuliko wote, alikuwa mke wangu.

Kwangu hakuwahi kushika waya. Sikuwahi kumpa.

Niligeuka nikarudi. Maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa njiani niliyameza. Wiki ile tulihamia mjini, kikohozi cha Furaha kikapona. Mwaka uliofuata Byamungu akapata ndege na familia yake, kuhamia Kanada. Mke wangu aliwapikia chakula cha kuagana. Mimi nilisema nina gari la dharura Nathenje. Halikuwepo.

Sasa ile michoro mnayoitumia, zile nakala mnazoziita "karatasi za Mzee Wilondja", na kuwaonyesha wateja kwa majivuno, si zangu. Ni mkono wake. Jalada lenye jina lake nililichana mimi mwenyewe, mwaka uleule. Daftari nimeliacha kwenye tirwari la juu, upande wa kushoto. Ukurasa wa kumi na moja mnaujua. Wa kumi na mbili, ulio nyuma yake, sikuwahi kuwatolea nakala. Sasa mnajua kwa nini nilipiga kelele.

Ninyi mna ndugu kila mahali na simu zinazoona mbali. Akipatikana Byamungu wa Bukavu, fundi, mwimbaji, mwenye shati lililopigwa pasi, mwambieni yaya wake amesoma yote. Na kama ana gereji kubwa kuliko hii yetu, hilo msiniambie.